Binafsi au Ubia

Pale Chilangala, ukisikia harufu ya maganda ya korosho yakiungua asubuhi, ulijua Winfrida ameshawasha moto. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mama yake Upendo, na kazi yake ilikuwa kukaanga korosho kwenye bati lililotobolewa matundu. Kazi ile inataka macho. Mafuta ya ganda yakishika moto, moshi mweusi unapanda, na ukichelewa kidogo kumwagia mchanga, zote zinakuwa makaa. Winfrida hakuwa mtu wa kuchelewa. Zikishapoa alizisogeza kwa mwenzake Stamili, mama yake Majaliwa, aliyekaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja na kirungu cha mti mkononi. Stamili alizibangua moja moja, taratibu, punje ikitoka nzima.

Walikuwa majirani ukuta kwa ukuta, mmoja wa kanisani na mwingine wa msikitini. Biashara yao hawakukaa chini kuianzisha, ilijianza yenyewe. Stamili alikuwa na uwanja mpana na lile bati la kukaangia. Winfrida alikuwa na mikorosho nyuma ya nyumba. Msimu mmoja walikaanga za kula, zikazidi, wakazipeleka stendi ya Newala, na kesho yake watu wakauliza zile korosho tamu ziko wapi. Tangu siku hiyo walikuwa wakigawana kila kilichopatikana juu ya mkeka, jioni, huku wakizungumza habari nyingine kabisa. Kwamba biashara ni ya nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Aliyeuliza kwanza alikuwa mtu wa Masasi, Nathanaeli, mwenye duka la jumla karibu na soko. Alizionja korosho zao kwa mtu, akazifuata mpaka Chilangala kwa pikipiki, akakalishwa kwenye mkeka, akala bakuli zima.

"Mama zangu," alisema akijifuta midomo, "hizi nazitaka kila wiki, mwaka mzima. Lakini mimi mwenyewe nawauzia watu wa mbali, wanataka karatasi. Nyie mmesajiliwa kama nini?"

Winfrida alimtazama Stamili. Stamili akamtazama Winfrida.

"Kama nini vipi, baba?" Winfrida aliuliza.

"Kama kampuni, kama kikundi, kama ushirika, jina la biashara, ubia... Nyie ni nini?"

"Sisi ni Mama Upendo na Mama Majaliwa," Stamili alisema.

Nathanaeli akacheka kwa heshima, akasema hilo analijua, ila mkataba hauwezi kuandikwa hivyo. Akawaambia watafute umbo, wamrudie. Akaondoka na kifurushi alichopewa bure, na nyuma yake akaacha neno hilo, umbo, likizunguka uwanjani kama nzi.

Walikubaliana Winfrida ndiye aende kuuliza, kwa kuwa Stamili hakupenda ofisi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Alipanda bodaboda mpaka mjini Newala, akaingia halmashauri, akapokewa vizuri na afisa wa maendeleo ya jamii. Yule dada alimweleza kwamba kikundi ndicho kizuri, wanawake wanapewa mkopo usio na riba, lakini wawili hawatoshi, waongeze wengine, wawe na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Winfrida alielewa kila neno. Alipotoka nje tu na kukutana na baridi ya Newala na ukungu uliokuwa haujaondoka, akajiuliza kati yao wawili nani atakuwa mwenyekiti, na hao wengine watatoka wapi, na wakija watabangua au watakaa tu kuwa wajumbe. Kufika kwenye bodaboda, alichokumbuka ni neno katiba peke yake.

Mtu mwingine alimwambia ushirika. Aliporudi na neno hilo nyumbani, Stamili alitikisa kichwa kabla hajamaliza. "Korosho ghafi tunapeleka chamani, sawa. Na hizi za kwenye bati nazo tuziitie mkutano mkuu?"

Jumapili, baada ya ibada, katekista Filemoni alimvuta pembeni. Huyu alikuwa amewahi kufanya kazi Mtwara na alijua mambo mengi. Alisema umbo ni moja tu, kampuni.

"Kampuni ni mtu," alimwambia.

"Mtu?"

"Mtu wa kisheria, Mama Upendo. Anamiliki mali kwa jina lake. Anashtaki, anashtakiwa. Akidaiwa, anadaiwa yeye, nyumba yako haiguswi. Na hafi."

"Hafi?"

"Wewe ukifa, yeye yupo. Stamili akifa, yeye yupo."

Winfrida alirudi nyumbani njia nzima akimfikiria mtu huyo. Alimsimulia Stamili kama alivyosimuliwa. Stamili aliweka kirungu chini, akasema, "Astaghfirullah. Asiyekufa ni mmoja tu." Kisha akauliza, "Na huyo mtu ni wa ukoo gani? Maana mtu lazima awe na ukoo wa mama yake. Akipata matatizo, mjomba wake ni nani?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na korosho zilizokuwa kwenye bati zikataka kuungua. Lakini usiku ule kicheko kilimwishia Winfrida. Alikumbuka marehemu mumewe alipofariki, wapwa wake, warithi kwa mila ya huko, walivyokuja na kupima mikorosho kwa hatua, wakisema huu ni wa mjomba na huu ni wa mjomba, na yeye akaachiwa ile ya nyuma ya nyumba tu kwa sababu aliipanda mwenyewe na majirani walishuhudia. Kama mtu asiyekufa yupo, aliwaza, basi si jambo la kucheka.

Ila wakati wa kufikiri haukuwepo. Nathanaeli alipiga simu kwamba mteja wake anataka jibu. Winfrida akarudi Newala, safari hii akaenda kwenye duka la Bwana Cecil, lenye mashine ya kutoa kopi na kompyuta, ambako watu wengi hujaziwa fomu za mtandaoni. Cecil alikuwa mtu mzima mwenye miwani na haraka.

"Anzeni na jina la biashara," alisema. "Ni rahisi, linatoka upesi. Jina gani?"

Jina walishakubaliana: Winsta, nusu Winfrida na nusu Stamili. Cecil akalipenda, akaliandika.

"Binafsi au ubia?"

"Tuko wawili."

"Basi ubia. Nipe namba yako ya kitambulisho cha taifa, na ya mwenzako."

Ya kwake alikuwa nayo. Stamili hakuwa nayo. Si kwamba hakwenda kujiandikisha. Alikwenda, na mara zote mashine ilimkataa. Miaka ya kubangua kwa mikono mitupu ilikuwa imempaka mafuta ya ganda, ngozi ya vidole ikaungua, ikachunika, ikaungua tena, mpaka alama za vidole zikafutika. Aliweka kidole kwenye kioo, na kioo kikaona kitu laini kama kokoto ya mtoni.

Cecil alisikiliza, akapiga ulimi. "Sasa bila namba mfumo hauendi. Tuandike binafsi kwanza. Huyo tutamwongeza baadaye."

"Binafsi maana yake nini?"

"Maana yake wewe mwenyewe. Si umekuja wewe mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Ndiyo hiyo."

Nje watu walikuwa wanasubiri zamu. Winfrida aliona aibu kuuliza tena. Alichoelewa ni kwamba binafsi ni habari ya aliyefika dukani, kama vile unapochukua mzigo wa mwenzako stendi ukasaini kwamba umeupokea. Akakubali. Baadaye akapata na leseni, akarudi nyumbani amebeba jina la wote wawili, akamwambia Stamili, "Tumeshakuwa!" Stamili akapiga vigelegele.

Walifanya kazi vizuri kwa muda. Nathanaeli alituma gari, mifuko ikaondoka. Kisha asubuhi moja alifika kijana wa ofisi ya biashara, anazungukia wenye leseni, mpole, ana adabu. Winfrida alikuwa ameenda kuteka maji. Stamili alikuwa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Namtafuta mwenye biashara hii."

"Ndiye mimi. Karibu."

Kijana akatazama simu yake. "Mama ndiye Winfrida?"

"Winfrida ni mwenzangu. Mimi Stamili. Tuko wote."

"Hapa yuko mmoja tu," kijana alisema, bila nia mbaya yoyote. "Mmiliki Winfrida. Wewe mama ni kibarua wake, siyo?"

Winfrida alifika uwanjani ndoo ikiwa kichwani na kusikia maneno hayo ya mwisho. Stamili alikuwa amesimama. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mama Upendo," alisema, "huyu mtoto anasema biashara ni yako peke yako. Umeiandika yako?"

Kama angesema hapana, pengine yangeisha. Kama angesema ndiyo, wangegombana na kusuluhishwa. Lakini Winfrida hakujua. Alisimama, maji yanamdondokea begani, anautafuta ukweli asiupate, na kilichomtoka mdomoni ni, "Sijui."

"Hujui?"

"Wallahi sijui, Mama Majaliwa." Mkristo, na akaapa kwa kiapo cha mwenzake, kwa kuchanganyikiwa.

Stamili alinawa mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Lile bati lilikuwa lake, uwanja ulikuwa wake, kwa hiyo ilibidi Winfrida ndiye aondoke.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Winfrida alitafuta kipande kingine cha bati, akakaanga kwake, akabangua mwenyewe, punje zikavunjika nusu nusu. Kijijini maneno yakawa mengi. Wengine walisema Winfrida ni mjanja, kumbe siku zote alikuwa anapiga hesabu. Wengine walisema ni mjinga, ametumiwa. Yeye mwenyewe alipojilaza alijiuliza ni lipi. Alijua hakukusudia kumnyang'anya Stamili. Lakini jina lake liko pale, la Stamili halipo, na aliyelipeleka ni yeye. Mtu anaweza kuiba bila kujua? Alimuuliza katekista Filemoni, naye akasema hilo ni swali gumu, akaongeza kwamba angefungua kampuni yasingetokea haya.

Hatimaye alishuka Masasi. Gari liliteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala, yale majabali ya Masasi yakajitokeza bondeni, joto likampiga usoni. Alikuwa ameelekezwa kwa msaidizi wa kisheria mmoja, Josephina, dada mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na meza kwenye chumba kimoja nyuma ya maduka na kusikiliza watu bila malipo.

Winfrida alimweleza yote, akaruka, akarudi nyuma, akachanganya katiba na kampuni. Josephina hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza, "Mama, leo ukifa, bati la kukaangia ni la nani?"

"La Mama Majaliwa. Ni lake tangu zamani."

"Na lile jina, na mteja wa Masasi?"

Winfrida akaitoa karatasi ya usajili, akaiweka mezani.

"Kwa karatasi ilivyo sasa, hilo jina ni wewe," Josephina alisema. "Hakuna mtu mwingine ndani yake. Ukikopa, nyumba yako iko humo. Ukifa, linaingia kwenye mirathi yako, watakuja wanao na ndugu zako. Mwenzako atasimama mlangoni kama mpita njia."

Winfrida akawaona wapwa wa marehemu mumewe wakipima mikorosho kwa hatua. Tofauti ni kwamba sasa aliyesimama pembeni hakuwa yeye, alikuwa Stamili.

"Nifanye nini, mwanangu? Niambie umbo gani niandike, niende nikaandike leo leo."

"Siwezi kukuambia."

"Wewe si ndiye unayejua?"

"Naijua sheria, mama. Nyie siwajui. Mmoja akikataa kuuza na mwingine akataka, nani anashinda? Akiumwa mmoja mwezi mzima, anagawiwa au hagawiwi? Mmoja akifa, mtoto wake anaingia au analipwa sehemu yake anaondoka? Unayo majibu?"

Miaka yote ile juu ya mkeka, hawakuwahi kuzungumza hata moja.

"Rudi na mwenzako," Josephina alisema.

Winfrida alikwenda kwa Stamili mchana, wakati kila mtu anaona, asije akasemwa kwamba anajificha. Alipiga hodi. Stamili alikuwa anachambua mbaazi, hakumwambia karibu, lakini hakumwambia aondoke.

"Nimetoka Masasi," Winfrida alisema akiwa amesimama. "Ni kweli. Iliandikwa yangu. Sikuelewa, lakini iliandikwa yangu. Nisamehe."

Stamili aliendelea na mbaazi. "Mashine inanikataa mimi kwa sababu ya nini, Mama Upendo? Vidole hivi vimeliwa na korosho za nani?"

"Zetu."

"Basi zilipaswa kunitambulisha, siyo kunifuta."

Winfrida alikaa chini kwenye mchanga, nje ya mkeka, akachukua konzi ya mbaazi, akaanza kuchambua. Wakamaliza ungo mzima. Ndipo Stamili akasema, "Huko Masasi nitakwenda. Sijakusamehe bado. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Kabla ya safari Stamili alipitia tena kujiandikisha, bila matumaini. Na safari hii mashine ilimpokea. Yule mwandikishaji alijaribu kidole baada ya kidole, na kidole gumba cha kushoto kikakubali, kisha na vingine viwili. Tangu wagombane alikuwa hajabangua hata korosho moja, na ngozi ilikuwa imeota. Alipotoka nje alimwonyesha Winfrida kidole kile, akitaka kucheka na kukasirika kwa wakati mmoja. "Ungeniudhi mapema," alisema.

Kwa Josephina walikaa tangu asubuhi mpaka jua lilipogeukia upande wa pili wa majabali. Winfrida alidhani wakishakuwa wawili mambo yatanyooka. Yakawa yanapinda zaidi. Stamili alitaka mmoja akifa binti wa marehemu aingie mahali pake. Winfrida alitaka binti alipwe sehemu yake aende, kwa kuwa alimjua Upendo wake, hapendi moshi. Stamili alisema hakuna kukopa kamwe. Winfrida alitaka biashara ikope siku moja, wapate mashine ya kubangulia. Kila mmoja alimshangaa mwenzake, kana kwamba ameletewa jirani mgeni.

"Kwenye ubia," Josephina aliwaeleza, "deni la biashara ni la wote wawili, mpaka kwenye nyumba zenu. Mmoja akikosea, mwingine anabeba."

"Hiyo siyo haki," Winfrida alisema.

"Hiyo naielewa," Stamili alisema. "Ndivyo tulivyo sasa. Yule asiyekufa ndiye nisiyemwelewa."

Kampuni ingewakingia nyumba zao, Josephina alisema, lakini inataka taarifa kila mwaka, mahesabu, faini ukichelewa. Winfrida alivutwa na kinga, akatishwa na taarifa. Alibadili mawazo, akarudi, akabadili tena. Akaomba aeleweshwe upya tangu mwanzo, na Josephina akamwelewesha upya tangu mwanzo, na akawa haelewi palepale alipokuwa haelewi kwanza. Mwishowe akamwambia Stamili, "Mimi kichwa kimejaa. Wewe unaonaje?"

"Naona ubia. Tena uandikwe hata tusichokubaliana."

Ndivyo ilivyoandikwa. Suala la kifo lilikatwa katikati: binti ataulizwa, akitaka ataingia, asipotaka atalipwa. Suala la mkopo liliachwa kwamba hakuna kukopa bila sahihi zote mbili, jambo ambalo kwa Stamili lilikuwa na maana ya kamwe. Jina la Winsta likahamishwa, likawa la wawili. Josephina aliwataka wasome kabla ya kusaini, akawasomea yeye mwenyewe kwa sauti, taratibu, na pale walipokunja uso alirudia.

Moto uliwashwa tena kwenye uwanja wa Stamili. Kitu cha kwanza kununuliwa kwa jina la ubia kilikuwa glavu, ambazo Stamili huzivaa mgeni akija na kuzivua akiondoka, kwa kuwa anasema hasikii korosho inavyopasuka. Nathanaeli alisaini mkataba wake, akalalamika kwamba wamemchelewesha, akaendelea kutuma gari. Katekista Filemoni bado anawaambia wamekosea. Msimu uliopita walichukua akina mama wengine wa kusaidia kumenya, na mmoja wao, Magdalena, ameshaanza kuuliza kama na wao wanaweza kuingia.

Winfrida alilipeleka swali hilo kwa Stamili wakiwa wanafagia maganda. Akasema pengine sasa ndiyo wakati wa kampuni, au labda kile kikundi, au labda ubia wa watu wengi, kama upo, hajui kama upo. Stamili aliegemea ufagio wake.

"Tutakwenda Masasi," alisema. "Lakini siyo kesho. Kesho tuna mzigo."

Wakaendelea kufagia. Winfrida alikuwa bado anahesabu kimoyomoyo faida za kampuni, akafika kwenye kinga ya nyumba, akasahau iliyofuata, akaanza upya.